Kimlango Nyuma ya Taji

Ukuta mmoja tu ndio uliofaa. Sebuleni kulikuwa na madirisha matatu yanayotazama barabara, jikoni hakuna nafasi, na chumba cha Idalina kilikuwa kidogo kama sanduku. Ukabaki ule wa chumba cha kati, mpana, mweupe, uliopakana na bafu. Leonel Arruda akajenga pale madhabahu ya taji, ngazi juu ya ngazi, kwa mbao nene. Na kwa kuwa mwaka jana kwa akina Medeiros paka alivuta kitambaa, taji likaenda chini mbele ya watu wanaosali, yeye aliikaza madhabahu ukutani kwa skrubu ndefu kama kidole.

"Na kale kamlango?" mama yake, Idalina, alimuuliza. Alikuwa amebeba mashuka meupe ya kufunikia zile ngazi.

Chini kabisa ya ule ukuta kulikuwa na kimlango cha mbao, ukubwa wa mlango wa banda la kuku. Marehemu Tiberio, baba yake Leonel, alikikata mwenyewe zamani, alipofunga hodhi la kuogea upande wa pili. Nyuma yake kulikuwa na koki mbili za kufunga maji ya hodhi, moja ya moto, moja ya baridi. Enzi zake Tiberio hakutaka kuona hata kiti mbele ya kimlango hicho.

"Nani anafungua kale, mama? Toka mzee afe hakajaguswa."

"Baba yako angekuzaba makofi."

"Baba angenizaba makofi hata kusingekuwa na kamlango. Lete shuka."

Idalina akacheka, akaleta shuka. Wiki ile alikuwa anacheka kirahisi, kitu ambacho kilishampotea.

Taji la Roho Mtakatifu huanza safari baada ya Pasaka. Linakaa nyumba moja wiki moja, linahamia nyingine, mpaka Pentekoste. Nani alikaribishe, hapangi padri wala tajiri. Majina yanatiwa kwenye mfuko pale ukumbi wa chama na yanavutwa. Ukitoka, unaletewa taji Jumapili kwa maandamano na tarumbeta, na kila jioni majirani wanapanda ngazi zako kusali rozari na kula mkate mtamu. Watu wa Fall River, kule Marekani, waliotoka visiwa vya Azori, kama hujawahi kulikaribisha taji maishani, wanakuona kama mgeni.

Lakini Idalina hakulitaka taji kwa sifa. Leonel alipogongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, akalala hospitali na mirija puani, na daktari akamwambia mama ajiandae, Idalina alipiga magoti kwenye korido akaweka nadhiri. Mwanangu akiinuka, alisema, taji litakaa kwangu wiki nzima, litasaliwa kila jioni, na halitasogea mahali pake hadi Jumapili ya kulirudisha. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti, muuguzi anasikia. Leonel akainuka. Akabaki anachechemea, na mdomo wake ule ule. Lakini jina la Idalina likagoma kutoka kwenye mfuko, na kila mwaka lilipogoma alirudi nyumbani akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama kitu alichoazimwa.

Mwaka huu likatoka. Tena kwa wiki ya mwisho, ya Pentekoste yenyewe.

Leonel mwenyewe aliona hayo ni mambo ya wazee. Aliacha shule mapema, alikata samaki kiwandani, na alichoamini ni kwamba daktari alimshona vizuri. Ila mama akitaka madhabahu, unajenga madhabahu, basi.

Tatizo lilikuwa bomba la hodhi. Lilikuwa linadondosha. Siku za kawaida hakuna aliyejali, lakini katikati ya rozari, watu wakinyamaza kuvuta pumzi, ilisikika upande wa pili wa ukuta: to, to, to. Jumatano jioni kibibi mmoja akasema kwa sauti, "Roho Mtakatifu kashuka, yuko bafuni anaoga," wote wakaangua kicheko. Idalina alicheka nao, lakini Leonel alimwona shingo imemwiva kwa aibu.

Kesho yake alasiri, Leonel alipotoka kazini, mama akamwambia, "Kalikaze kidogo lile bomba kabla watu hawajaja. Taratibu, Leonel. Ni la zamani."

Taratibu hakuijua. Alilikaza kwa mkono, likaendelea kudondosha. Akachukua spana ya baba yake, akaibana shingo ya bomba, akaweka uzito wake wote. Ndani ya ukuta kitu kikalia *kah*, kikavu, kama mfupa wa kuku. Bomba likaacha kudondosha papo hapo.

"Umeona?" akajisemea. Akafuta spana kwenye suruali.

Halafu akasikia mvua. Nje jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa ndani ya ukuta.

Akaweka sikio kwenye vigae. Bomba lilikuwa limekatika nyuma, kule asikokuona, na maji yalikuwa yanamwagika ndani ya ukuta moja kwa moja kwenda chini. Na chini yao, ghorofa ya kati, alikuwa anaishi shangazi yake Zulmira, dada wa Tiberio, na mume wake Evaristo. Mzee Evaristo alikuwa amelala kitandani. Mapafu yake yaliliwa na vumbi la pamba kwenye kiwanda cha nguo, na sasa alikuwa anapumua kwa mashine iliyochomekwa ukutani, karibu na kichwa chake. Ukuta ule ule.

Leonel alishuka ngazi zote kwa mguu wake mbovu hadi kwenye stoo chini ya nyumba, ilipokuwa koki kubwa ya jengo zima. Akaizungusha. Ikazunguka kirahisi mno. Akazungusha tena na tena, ikawa inazunguka tu kama gurudumu la kuchezea la mtoto. Ilikuwa imekufa ndani, nani ajue tangu lini. Akawapigia watu wa maji wa manispaa. Mwanamke mmoja akamwambia kwa upole kwamba mafundi wako kwenye bomba lililopasuka upande mwingine wa mji, watafika wakimaliza.

Alipopanda tena, mlango wa ghorofa ya kati ulikuwa wazi na shangazi Zulmira amesimama kwenye ngazi na ndoo.

"Wewe. Nyumba yenu inanikojolea."

"Najua, shangazi. Nakuja."

"Unakuja wapi, unapanda? Maji yako kwangu."

"Koki iko juu."

"Basi kimbia, mbona unatembea kama bwana harusi."

Idalina alikuwa chumba cha kati, anabadilisha maji ya maua. Taji lilikuwa juu kabisa, la fedha, na njiwa mdogo kwenye ncha, limezungukwa na mishumaa. Leonel akaingia na mtaimbo mkononi, na mama yake akaelewa kabla hajasema. Akaweka chombo cha maua chini, akasimama mbele ya madhabahu.

"Hapana," akasema.

"Mama, bomba limekatika ndani ya ukuta. Koki ya chini imekufa. Zimebaki hizi za nyuma ya madhabahu."

"Vunja kule bafuni."

Akaenda akavunja. Vigae viwili vikaanguka, na nyuma yake akakuta saruji iliyoshikwa na wavu wa chuma. Nyundo ilikuwa inadunda na kumrudia usoni. Tiberio alikuwa mtu wa kujenga kitu mara moja. Ukuta wake ungehitaji siku nzima. Leonel akapiga mpaka ngozi ya kiganja ikafunguka, akatoka.

"Hauvunjiki. Mama, sogea."

"Zimebaki siku tatu. Tatu tu, Leonel, halafu unalipua hata nyumba ukitaka."

"Mzee Evaristo yuko chini ya maji hayo."

"Zulmira atamsogeza."

"Mama, hebu nitazame. Nimepona. Nimeshapona zamani. Nakula, nalala, nakata samaki. Nani anakudai?"

"Unaona umepona kwa sababu umesimama," Idalina akasema. "Hata siku ile ulikuwa mzima, dakika moja kabla ya lile lori."

Leonel akasogea hatua moja. Angeweza kumshika mabega akamweka pembeni. Alikuwa mama mwembamba, hakuwa na uzito. Lakini kuna mikono ambayo mtu hawezi kumpelekea mama yake, hata kama kuna haraka namna gani.

Zulmira akaingia. Nywele zilikuwa zimemganda kichwani, na gauni limelowa upande mmoja. Akautazama mtaimbo, akalitazama taji, akamtazama wifi yake. Wale wawili walikuwa wametaniana na kugombana ngazi moja tangu wakiwa wasichana, na Leonel alitegemea matusi. Zulmira hakutukana.

"Sikuja kukuomba, wifi," akasema. "Nimekuja kukwambia, usije ukasema hukujua. Kitanda hakitoki. Kile cha hospitali ni kipana, mlango unakikataa. Mashine nimeihamishia upande wa dirisha kwa waya mrefu. Dari limevimba juu yake kama tumbo la mjamzito."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema nisije." Zulmira akafuta uso kwa kiganja. "Anasema ni wiki yako. Eti nifunge mlango nikae naye, nimshike mkono, tusimharibie Idalina nadhiri ya mtoto wake. Nimemwambia ni mjinga. Basi, nimeshakwambia, mimi narudi kwake."

Akageuka, akaondoka. Walimsikia anashuka.

Idalina akabaki amesimama. Ndani ya ukuta mvua ilikuwa inanyesha. Leonel alimwona mama yake anafumba macho, midomo inacheza, na akadhani anasali. Baadaye alijua kwamba hakuwa anasali. Alikuwa anarudia yale maneno ya kwenye korido, moja moja, akitafuta kama aliacha upenyo mahali. Hakuacha.

Akafumbua macho. Akazima mishumaa kwa vidole, mmoja mmoja. Akapanda kwenye kiti, akavua mtandio wake, akaufunga mikononi, akaliinua taji pamoja na sahani yake. Akashuka nalo mikono imemnyooka mbele, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto na hajui aiweke wapi. Hakuliweka popote. Alikwenda akasimama kwenye kona, nyuma ya mlango, akalishikilia.

"Toa," akasema.

Leonel akatoa. Maua, mashuka, mishumaa, vyote vikaenda sakafuni. Skrubu mbili zikakubali bisibisi, zilizobaki zikakataa, na alikuwa amezikaza mwenyewe kwa mikono yake. Akaingiza mtaimbo, akaegemea. Mbao zikalia, plasta ikabanduka vipande vipande, madhabahu yote ikaja kifuani kwake. Akaisukuma pembeni. Kimlango kilikuwa kimeshikwa na rangi, tabaka juu ya tabaka, akakikata kwa kisu cha kazini kuzunguka, akakibandua.

Koki zilikuwa pale, gizani, pembeni ya maji yanayomwagika. Baba yake alikuwa amezipaka mafuta mazito kabla ya kufa, yamekauka yakawa kama nta. Leonel akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani, akaishika ya baridi, ya lile bomba lililokatika. Ikagoma. Safari hii hakuipa uzito wake. Aliichezesha nusu kidole mbele, nusu kidole nyuma, anapumua nayo, jasho likimwingia machoni, akiisikiliza kwa mkono. Ikakubali kidogo. Ikakubali zaidi. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikakatika.

Ndipo kule chini dari likaanguka. Nyumba nzima ikatikisika.

Leonel hakukumbuka alivyoshuka. Alichokumbuka ni chumba kimejaa vumbi jeupe, maji sakafuni, na shangazi Zulmira amelala juu ya mumewe kama kifuniko. Plasta ilikuwa imeanguka miguuni mwa kitanda, bonge zito kama mfuko wa saruji, hatua moja tu kutoka kwenye magoti ya mzee. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Zulmira akainua kichwa.

"Niondokee, mwanamke," Evaristo akasema kutoka chini yake. "Nimenusurika dari, utaniua wewe."

Zulmira akaanza kulia, huku anampangusa mumewe uso kwa nguvu kama anasugua sufuria. Evaristo alimtazama Leonel. Macho yake yalikuwa mekundu ndani ya ule uso mweupe wa vumbi.

"Alilitoa?"

"Alilitoa, mjomba."

Mzee akageuzia uso dirishani.

Leonel alipopanda, mama yake alikuwa bado amesimama kwenye ile kona na taji. Mikono ilikuwa inamtetemeka kwa uchovu, na hakuwa amelishusha.

"Mzima?"

"Mzima. Anatania."

"Haya," akasema. "Jenga tena."

Akajenga. Hakuweka skrubu, na aliisogeza pembeni, kimlango kikabaki wazi. Watu walipokuja jioni waliona ukuta uliobanduka, mashuka yenye madoa, wakaulizana kwa macho. Honorato, mzee wa chama, akasikiliza habari yote, akamshika Idalina mkono.

"Umefanya vizuri, mama. Taji lipo, watu wapo, tunasali. Hakuna kilichoharibika."

"Sikukuahidi wewe, Honorato," Idalina akamjibu.

Wakasali. Hakukuwa na to, to, to. Leonel alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, mgongo kwenye fremu, na kwa mara ya kwanza alitamani lile bomba lidondoshe.

Ijumaa asubuhi alimkuta mama yake jikoni, na kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Mama alimfungia mkate na jibini. Alipotaka kutoka, Idalina akamshika mkono wa koti, akaushikilia, kisha akauachia. Angesema kitu, Leonel angejua la kujibu. Angemtania, angemwita bibi wa visiwani. Alishuka ngazi akiwa ameshika reli, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Kiwandani alivishika visu vyake kama vya mtu mwingine. Siku zote yeye ndiye aliyekata haraka kuliko wote, walimwita Mashine. Ijumaa ile samaki walimlundikania mbele. Alikuwa anaona kila kisu kinakoelekea. Aliona unyevu sakafuni, aliona mnyororo wa kubebea masanduku juu ya vichwa vyao.

"Unaumwa?" msimamizi akamuuliza.

"Hapana."

"Una mwanamke?"

"Nina mama," Leonel akasema, na wenzake wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akingoja kila taa ya barabarani, hata pasipokuwa na gari.

Jumapili taji likatoka. Tarumbeta zilipiga chini ya dirisha, wasichana wenye magauni meupe wakajipanga, na Idalina akalibeba kutoka mlangoni hadi kanisani, kisha ukumbini. Kila mwanamke anayelibeba taji siku ile hutembea kama malkia. Idalina alitembea kama mtu anayerudisha chombo cha jirani kilichopasuka. Zulmira alikuwa pembeni yake njia nzima, amemshika kiwiko.

Ukumbini watu walikaa kwenye meza ndefu. Ilikuja supu ya nyama iliyomwagwa juu ya mkate, na majani ya mnanaa juu yake. Zulmira alijaza kopo la kumpelekea Evaristo, akaondoka. Kule mbele, Honorato alikuwa mezani na mfuko mwekundu, anaandika majina ya wanaotaka taji mwakani. Leonel akasukuma kiti.

"Unaenda wapi?" mama yake akauliza.

"Nakuja."

Akasimama kwenye foleni nyuma ya akina mama. Walimtazama, wakasukumana viwiko. Honorato akainua kichwa.

"Nimwandike mama yako tena? Kila aliyelipata safari hii anapumzika, anajua."

"Niandike mimi."

"Wewe?" Honorato akaweka kalamu chini. "Leonel, wewe hata rozari husali. Una mke wa kukupikia supu ya watu wote hawa?"

"Nina sufuria."

Akina mama wakacheka. Honorato hakucheka. Alimtazama yule kijana, akautazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Nadhiri ya nini?"

"Ile ya mama," Leonel akasema. "Ni yangu. Alinisemea nikiwa nimelala. Sasa niko macho, nitajisemea."

Honorato akaandika, akakunja karatasi, akaitia mfukoni na zingine.

Leonel alirudi mezani. Mama yake alikuwa ameona yote. Kijiko chake kilikuwa kimesimama kwenye bakuli. Mtoto mdogo aliitwa avute majina, na ukumbi ukanyamaza mpaka watu wakasikia sufuria zinazochemka kule jikoni. Jina la kwanza. La pili. Kila jina lilipotajwa, mahali fulani kwenye ukumbi mtu alipiga kelele, wengine wakamkumbatia. Leonel aligundua kwamba amekunja ngumi chini ya meza. Alikuwa hajawahi kukitaka kitu hivi maishani, na kilichomshangaza ni kwamba alikitaka kwa ajili ya kuendelea tu kukaa pale, kwenye kile kiti, na supu inapoa.

Jina la mwisho lilikuwa la familia ya Pacheco. Mfuko ukafungwa.

"Halikutoka," akasema.

"Nimesikia."

Idalina alichukua mkate, akaumega, akautia kwenye bakuli la mwanawe, akaubonyeza kwa kijiko mpaka ukalowa wote. Mikono yake ilikuwa imetulia sasa. Alimtazama usoni, sana, na hakutabasamu.

"Basi itabidi uishi mpaka mwakani," akasema. "Kula."